Kupumzika Mombasa katikati ya safari ndefu: wanayodhani wageni na mambo yalivyo

Mtu anatoka Ulaya au Ghuba, safari bado ndefu, anaamua alale Mombasa usiku mmoja miwili apunge upepo. Uamuzi mzuri sana. Kinachomharibia ni mambo anayokuja nayo kichwani.

La kwanza ni kudhani kwamba akishatua tu, yuko ufuoni. Mombasa mjini ni kisiwa, na fukwe za mchanga ziko bara: Nyali, Bamburi na Shanzu upande wa kaskazini, Shelly upande wa kusini, Likoni. Diani, ambayo wengi huihesabu kuwa Mombasa, iko kaunti ya Kwale. Uwanja wa ndege wa Moi na kituo cha reli cha Miritini navyo viko bara ya magharibi. Kwa hiyo anayekwenda Nyali anakipita kisiwa kizima, na jioni magari hujazana darajani. Chagua upande mmoja, ukae hukohuko.

Anayekwenda Diani naye huambiwa hana budi kupanga foleni ya feri ya Likoni. Zamani ilikuwa hivyo. Siku hizi barabara ya Dongo Kundu inaanzia Miritini na kukutoa upande wa kusini kwa madaraja, bila kugusa Likoni. Feri ipande kwa raha yako. Anayevuka kwa miguu halipi kitu.

Dhana inayowaponza wengi kuliko zote ni kwamba bahari iko palepale saa zote. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele karibu dakika 50 kila siku. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mgeni anatoka na taulo lake saa nne asubuhi, anakuta mwani na mawe, maji yako kule mbali mwambani, anaondoka akisema ufuo ule mbaya. Ufuo hauna kosa, saa ndiyo haikuwa yake. Muulize mvuvi au mlinzi wa hoteli, "Maji yanajaa saa ngapi leo?" kisha upange chakula na usingizi wako kwa jibu hilo. Maji yakipwa, ndio wakati wa kutembea na kutazama vidimbwi, lakini vaa viatu kwa sababu ya wanyama wenye miiba, na uanze kurudi mapema kabla maji hayajakuzunguka kwa nyuma.

Upepo nao una zamu yake. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, huleta joto kali na maji matulivu. Kusi ikishika, kuanzia Aprili hivi, bahari huchafuka na mwani hujaa mchangani, na mwezi wa Mei mvua hunyesha kwelikweli. Julai na Agosti hewa ni ya kupendeza hata kama kuogelea si kuzuri sana. Kwa aliyechoka na ndege, mimi naona hiyo ndiyo miezi bora.

Wengine hudhani ufuo ni wa mahoteli. La hasha. Jomo Kenyatta, pale Bamburi, ni ufuo wa umma, na siku za Idi na Krismasi utakuta familia nzima nzima zimejaa na watoto juu ya maboya.

Kuna pia hofu ya tumbo: eti chakula cha nje ya hoteli kitakukwamisha safari. Viazi karai na mihogo inayotoka kwenye mafuta mbele ya macho yako, pale Mama Ngina, kando ya bahari kisiwani, jioni, au dafu linalokatwa ukitazama, sioni sababu ya kuviogopa. Asubuhi, mahamri kwa mbaazi za nazi. Ninachomwonya msafiri ni sharubati yenye barafu asiyojua maji yake yametoka wapi.

Fort Jesus si kanisa, ingawa jina linawadanganya wengi. Ni ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593; Waomani waliizingira tangu 1696 hadi wakaitwaa 1698, na ilikuwa jela mpaka 1958. Nenda asubuhi, kabla mawe hayajashika moto. Ukiingia Mji wa Kale, jifunike. Nguo za ufuoni ziache ufuoni.

La mwisho ni makaratasi, na hapa nawasihi ndugu zangu wasipuuze. Wengi huamini kwamba kupumzika njiani hakubadilishi chochote mbele ya safari. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na nchi nyingi hudai cheti cha chanjo kwa anayetokea huku. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo sindano ya mkesha wa safari haikusaidii. Na kwa wageni wengi, idhini ya kuingia Kenya huombwa mtandaoni kabla ya kupanda ndege, tangu Januari 2024.