Katuni, simu na mtoto mwenye usonji

Mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka minne. Kabla sijauliza chochote akasema, "Daktari, kosa ni langu. Nilimzoesha simu mapema." (Mimi si daktari, natibu matatizo ya usemi, ila nimeshachoka kusahihisha.) Nikamtua mzigo huo kwanza: usonji (autism), hali inayomfanya mtoto awasiliane na kuhusiana na watu kwa namna tofauti, hauletwi na simu. Chimbuko lake liko kwenye ukuaji wa ubongo tangu tumboni, na urithi unachangia sana. Watoto hawa huvutwa na katuni kwa kuwa haibadiliki: wimbo uleule, rangi zilezile, na hakuna anayewalazimisha kumtazama machoni.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja ya skrini kwa siku. Ushauri huo ni wa watoto wote, nami nauheshimu. Ila mimi huuliza zaidi: anatazama na nani?

Mtoto yule alitaja rangi zote kwa Kiingereza, wakati nyumbani ni Kiswahili kitupu. Baba alijivunia sana. Lakini kiu ikimshika hakuweza kuomba maji. Alirudiarudia sentensi moja ya katuni, kwa sauti ya katuni. Tulipoitafuta video yenyewe, tukakuta mhusika anaisema akiwa ameshika glasi ya juisi. Kumbe alikuwa anaomba! Tangu hapo kila akiisema, mama anampa kikombe na kusema, "Maji. Nataka maji."

Simu hatukumnyang'anya. Mama hukaa naye, husimamisha video, husema "gari linaondoka", kisha hunyamaza na kusubiri. Baadaye wanacheza na kigari sakafuni, simu ikiwa mbali.

Vita kubwa huwa wakati wa kuzima. Ondoa ule mpangilio wa video kujifuata zenyewe, mwonyeshe picha ya kinachofuata, labda beseni la kuogea, kisha uache video iishe. Ukimkatiza katikati, kilio umekitafuta mwenyewe. Na saa nzima kabla ya kulala, simu ipumzike. Usingizi wa wengi wao tayari ni wa shida.

Tableti ya mawasiliano, ile anayobonyeza picha nayo inasema "nataka maji", haimo kwenye hesabu ya saa hizo. Ndiyo sauti yake. Niliwahi kuikuta shuleni imefungiwa kabatini kama adhabu, chaji imekwisha.