Picha ya kifua ikiwa nyeupe, makohozi yakiwa safi

Dodoma na Singida, kikohozi kikivuka wiki mbili mtu huambiwa akapime TB, na huo ni ushauri sahihi ambao asiupuuze mtu. Ugumu huanza vipimo vya makohozi vinaporudi safi, dawa zikamezwa, na picha ya kifua ikabaki nyeupe pande zote mbili. Hapo maneno mengi yasiyo kweli hupata nafasi. Tunayapitia kwa kuangalia ugonjwa mmoja adimu, proteinosisi ya mapafu, uliowafundisha watafiti mengi kuhusu makrofaji, yaani seli za kinga zinazolinda mapafu ya kila mmoja wetu.

Dhana: Weupe ule ni usaha, au maji.

Ni mafuta na protini za mwili wenyewe. Mtu mzima ana vifuko vya hewa vipatavyo milioni 480, na ndani vimepakwa utando mwembamba uitwao safaktanti, ambao takriban asilimia 90 ni mafuta. Bila utando huo vifuko vingesinyaa kila tunapotoa pumzi. Uliochakaa lazima uondolewe: sehemu hurudi kwenye seli zilizoutengeneza, sehemu humezwa na makrofaji na kusagwa humo ndani. Lakini makrofaji hazimudu kazi hiyo bila kupokea amri ya protini iitwayo GM-CSF. Amri isipofika, humeza utando ila hushindwa kutoa kolesteroli. Chini ya hadubini huonekana zimevimba kwa mafuta. Utando mzee hurundikana mpaka oksijeni inakosa njia ya kuingia kwenye damu.

Siri hii ilifichuka mwaka 1994. Watafiti waliwaondolea panya jeni ya GM-CSF wakitarajia kuona kasoro kubwa kwenye damu. Damu ikabaki karibu na kawaida, mapafu ndiyo yakajaa.

Dhana: Ni ugonjwa wa ukoo, na mama ndiye aliyeuleta.

Wagonjwa wengi, kama 9 kati ya 10, hawakuurithi. Kinga yao wenyewe hutengeneza antibodi zinazoikamata GM-CSF njiani, jambo lililoonyeshwa na watafiti wa Japani mwaka 1999.

Aina ya kurithi, ambayo mara nyingi hujitokeza utotoni, hutokana na hitilafu kwenye jeni CSF2RA au CSF2RB, zinazotengeneza kipokezi cha amri hiyo. Mtoto huugua akipata nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, wote wawili wakiwa wazima. Kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4. CSF2RA ipo kwenye kromosomu X na pia Y, kwa hiyo wa kike na wa kiume huugua sawa. Kumtupia mama lawama peke yake ni kumwonea.

Dhana: Ugonjwa mmoja, dawa moja.

Kosa hili ni la gharama. Mwenye antibodi anaweza kusaidiwa na GM-CSF ya kuvuta kwa mdomo. Aliyerithi hasaidiki nayo. Damu yake tayari ina GM-CSF nyingi kupita kawaida, ila kipokezi ndicho kibovu. Kumwongezea ni kumpigia simu mtu ambaye laini yake imefungwa. Ndiyo maana kipimo cha antibodi hutangulia, kisha kipimo cha jeni. Prednisolone, dawa inayopunguza nguvu ya kinga, nayo haitibu aina ya antibodi, na huwafungulia vijidudu mlango.

Mapafu yakijaa sana huoshwa. Mgonjwa hupewa nusu kaputi na mpira wenye njia mbili: pafu moja linapumua kwa mashine, jingine linajazwa maji ya chumvi yaliyopashwa hadi nyuzi 37, nusu lita hadi lita moja kwa mara. Kifua kinagongwagongwa, maji yanaachwa yatoke yenyewe, kisha yanajazwa tena. Ya kwanza hutoka mazito kama maziwa. Huendelea hivyo hadi yang'ae, na lita 15 hadi 20 zinaweza kutumika. Mpira ukisogea, maji huvujia pafu linalopumua na oksijeni hushuka ghafla, kwa hiyo kinachoingia na kinachotoka hupimwa kila mzunguko.

Mwaka 2014 timu ya Cincinnati, Marekani, iliwawekea panya wagonjwa makrofaji zenye jeni nzima moja kwa moja mapafuni, bila kuharibu kwanza uloto wao, yaani sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza seli za damu. Zilidumu angalau mwaka mmoja, zikasafisha. Kwetu sisi hii ndiyo habari ya matumaini kuliko zote, ingawa panya si mtoto.

Dhana: Maziwa huosha vumbi kifuani.

Maziwa huenda tumboni. Waponda kokoto na wachimbaji wa dhahabu wanapaswa kuambiwa hivyo waziwazi. Vumbi la mawe yenye silika likifika kwenye vifuko, makrofaji huimeza chembe, chembe hupasua kifuko cha usagaji kilicho ndani ya seli hiyo, seli hufa, chembe hutoka na kumezwa na nyingine. Pafu hubaki na makovu, na TB hupata mwanya. Kitambaa puani hakizuii chembe ndogo kuliko zote, nazo ndizo zinazofika mbali. Lowesha jiwe kabla ya kuponda au kutoboa, na kaa upande upepo unakotoka.

Ukienda hospitali, mweleze daktari kazi zote ulizowahi kufanya, beba picha za zamani, na omba kipimo cha oksijeni cha kidoleni kirudiwe baada ya kutembea dakika 6, kwa sababu ukiwa umekaa namba inaweza kuonekana nzuri.