Mtoto akinyamaza haina maana amepona

Hapa Moshi nimeisikia hii tangu niko mdogo, mtoto akipatwa na jambo zito, labda kafiwa na mama au kapigwa sana nyumbani, watu wanasema mwacheni tu watoto husahau, na akiacha kulia basi wanahesabu kapona. Jamani sio hivyo. Kuna mtoto ananyamaza kwa sababu anaogopa, au kamwona bibi yake analia akaona asimuongezee mzigo, na ndo huyo huyo shuleni anasifiwa ana nidhamu.

Washauri wanaosaidia hawa watoto hawapimi kwa machozi. Wana dodoso, yaani karatasi ya maswali, mojawapo linaitwa SDQ (kifupi cha Kiingereza, Strengths and Difficulties Questionnaire), lilitungwa na daktari wa Uingereza Robert Goodman na kuchapishwa 1997, maswali 25 tu, anajibu mzazi au mwalimu, na kuanzia miaka 11 hivi hata mtoto mwenyewe. Maswali 20 yanaangalia shida kama hofu, hasira, kushindwa kutulia, kuelewana na wenzake, alafu 5 yanaangalia wema wake kwa wengine, na hapo ndo napapenda sana. Linajazwa mwanzo, linajazwa tena baadae, ndo unalinganisha. Ila karatasi peke yake haitoshi, lazima umuulize anayelala nae nyumba moja, usiku anashtuka? jioni anatoka kucheza?

Na kuna mtoto anaanza kulia au kuwa mkali baada ya miezi ya ukimya, mwambieni mshauri wake, tafadhali msimchape ili anyamaze tena.