Nani kasema sataranji ina upande wa wanawake?

"Huyo akacheze na wasichana wenzake, huko ndiko kwao." Nimeyasikia Jaws Corner, Mji Mkongwe, vikombe vya kahawa vikizunguka na binti wa miaka kama kumi na tano akipanga farasi wake ubaoni mbele ya mzee mmoja.

Wengi wanadhani sataranji imegawiwa kama mpira: wanaume kwao, wanawake kwao. Sivyo. Mashindano ya kawaida ni ya wazi, anaingia yeyote. Yale ya wanawake yaliongezwa juu yake ili kuwavuta wengi zaidi, kwa hiyo kama kuna mtu aliyefungiwa mlango, ni mwanamume.

Kinachowachanganya watu ni vyeo. Grandmasta ndicho cheo cha juu cha mchezaji. Kipo cha grandmasta wa wanawake, kinachodai kiwango cha pointi 2300. Kipo na cha grandmasta tu, pointi 2500, na hicho hakiulizi jinsia. Judit Polgár wa Hungaria alikipata mwaka 1991 akiwa na miaka 15, akaivunja rekodi ya Mmarekani Bobby Fischer ya kuwa grandmasta mdogo kuliko wote kwa umri. Mwaka 2002 akamfunga Garry Kasparov, bingwa wa zamani wa dunia. Na Julai 2025, Divya Deshmukh wa India, miaka 19, alitwaa Kombe la Dunia la wanawake mjini Batumi, Georgia, na ushindi huo ukampa ugrandmasta kamili.

Yule binti, kwa taarifa yenu, alimla mzee malkia wake kabla kahawa haijapoa. Mzee akadai jua lilikuwa linampiga machoni.