Je, wajua kwa nini meli hazitii nanga Mji wa Kale wa Mombasa?

Mpwa wangu alipokuja likizo kutoka Nairobi, nilimpitisha Ndia Kuu (ndia ni njia kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, na nafurahi kibao cha barabara hakijasahihishwa) mpaka ukingoni mwa Bandari ya Kale. Akaona mashua tatu na jahazi moja lililofungwa gatini. "Mjomba, bandari ya Mombasa ndiyo hii? Meli ziko wapi?"

Ziko Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, si mbali kwa tuktuk. Swali lake lilikuwa la haki kabisa: mbona mji umekaa huku na meli ziko kule?

Kwa karne nyingi, vyombo vilivyoingia Mvita, yaani Mombasa, vilikwenda kwa tanga. Kaskazi ilileta majahazi ya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi yakiwa na tende na mazulia. Kusi ikianza, mnamo Aprili, yalirudi na boriti na pembe za ndovu. Katikati ya pepo hizo mbili nahodha alitaka mahali patulivu, na Bandari ya Kale ilimfaa: mlango wake mwembamba, mawimbi ya bahari kuu hayafiki ndani. Tena chombo cha mbao kilihitaji mahali ambapo maji hupwa. Jahazi lilibaki juu ya mchanga, mabaharia wakaliegemeza kwa magogo, wakakwangua makombe yaliyoganda chini, wakatia kalafati kwenye nyufa, kisha wakalipaka shahamu iliyochanganywa na chokaa. Kazi ilikwenda mbio, maana maji hayamngojei mtu. Yakijaa, chombo kinaelea tena.

Wareno nao waliijua thamani ya mlango huo. Walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 waliiweka juu ya mwamba wa matumbawe, mizinga ikitazama majini. Mwaka 1697, ngome ikiwa imezingirwa na Waomani, manowari ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama papo hapo mbele yake. Wapiga mbizi waliichunguza miaka ya 1970, na baadhi ya vitu vilivyotolewa vimo katika makumbusho ya ngome. Ukienda, usivipite haraka.

Kisha zikaja meli za moshi, ndefu, za chuma, zinazozama sana chini ya maji. Hizo hazikutaka mchanga wala mlango mwembamba. Na mahali pazifaapo palikuwa na jina zamani: kilindi ni maji ya kina kirefu, Kilindini ni penye kilindi. Wakilindini, mojawapo ya Thelatha Taifa (mataifa matatu ya Waswahili) za Mombasa, walikuwa na mji wao upande huo kabla mhandisi yeyote hajashusha kamba kupima kina.

Kilichomaliza kesi ni reli. Ujenzi ulipoanza mwaka 1896, vyuma vilihitaji uwanja mpana wa kushushiwa, na Mji wa Kale wenye vichochoro vyake haukuwa nao. Desemba 1901 reli ikafika Kisumu, kwenye Ziwa Nyanza, na tangu hapo bandari ya ziwani na ya baharini zikawa ncha mbili za njia moja: pamba ya Uganda ilivuka ziwa kwa meli, ikapanda treni Kisumu, ikateremkia Kilindini. Hata hivyo, kwa miaka mingi meli zilitia nanga katikati ya mkondo na mizigo ikashushwa kwa matishari, mashua bapa za mizigo. Gati za kwanza za maji marefu zilifunguliwa mwaka 1926.

Kesho yake nilimpeleka mpwa wangu Likoni, kivuko kilicho kwenye mlango wa Kilindini. Feri yetu ilingoja kuipisha meli ya makontena iliyokuwa ikiingia, ikapita karibu hata akasoma herufi za ubavuni. Nikamwonyesha maji iliyokuwa ikiyapasua: buluu nzito, karibu nyeusi. "Ndicho kilindi chenyewe?" akauliza. Ndicho.