Mpango wa miaka mitano kwa chama chenye watu wanne

Chama cha maendeleo kikiniita kukisaidia kuandika mpango mkakati, mara nyingi nakuta karatasi kubwa zimeshabandikwa ukutani, na ya kwanza imeandikwa DIRA. Naomba iachwe pale pale, tutairudia mchana. Kisha naomba sahani moja kwa kila mjumbe, na kisado cha mahindi.

Mwaka juzi nilifanya hivyo katika kijiji kimoja cha milimani Upare, wilayani Same mkoani Kilimanjaro, ndani ya darasa la shule ya msingi. Kamati ilikuwa na wajumbe tisa, wote wa kujitolea, hakuna anayelipwa hata nauli. Nikawaomba kila mmoja aweke punje moja kwa kila nusu siku aliyoitumia kwa kazi ya chama mwezi uliopita: kufuatilia michango, kushuka halmashauri, kumwagilia kitalu, kukaa kikaoni, chochote. Mwenyekiti aliweka 4. Mhazini 6. Kijana wa kitalu cha miche 9. Wajumbe watano waliweka moja moja, ya kikao. Mama katibu alihesabu taratibu, midomo ikicheza, akisita na kurudi nyuma kukumbuka. Alipomaliza, sahani yake ilikuwa na punje 23.

Mzee mmoja akaiangalia ile sahani kwa muda. "Mama, mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia wapi, baba? Kwenye agenda hakuna kipengele hicho."

Jumla punje 47, karibu zote za watu wanne, na karibu nusu yake ni za mtu mmoja, Mama katibu, mwenye umri wa miaka 61. Hapo ndipo mpango wa chama kidogo unapaswa kuanzia. Mpango unaoanzia kwenye dira huishia kuorodhesha miradi saba itakayotekelezwa na "kamati", na kamati hiyo ukiichambua unakuta ni yule mama na goti lake linalomuuma.

Kitu cha pili ninachowaomba waandike ni msimu. Mpango wa kijijini uliogawanywa kwa robo za mwaka kama wa ofisini hauendi, kwa sababu vuli zikianza watu wako shambani, na masika vilevile. Miezi ya kujitolea kwa kweli ni michache. Chama hiki kilikuwa kimepanga kuchimba mashimo ya miti mwezi Novemba miaka mitatu mfululizo, na miaka yote mitatu lawama iliangukia "mwamko mdogo wa wananchi". Mwamko ulikuwapo. Ulikuwa umeshika jembe shambani.

Lakini swali lililotuchukua mchana mzima lilikuwa jingine: chama hiki sasa ni cha nini? Kiliundwa miaka ya 1990 kwa mambo mawili, karo za watoto na maji ya bomba. Karo za kidato cha kwanza hadi cha nne zilifutwa kuanzia Januari 2016, na za kidato cha tano na sita zikafuata mwaka 2022. Kwa upande wa maji, Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 iliunda RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na miradi ya vijijini ikawekwa chini ya vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vyenye fundi na mhasibu wanaolipwa. Bomba walilolitandaza kwa mikono yao likakabidhiwa kwa chombo kipya. Wengi mle darasani walilizungumzia jambo hili kama msiba, na niliwaelewa, maana baadhi yao walibeba yale mabomba mabegani kupandisha mlima. Hata hivyo niliwaambia ninavyoamini: chama ambacho kazi yake imekua hadi ikachukuliwa na serikali kimefanikiwa, na kina haki ya kuchagua kazi nyingine au kufunga daftari kwa heshima. Kufunga nako ni mpango. Nimesaidia vyama viwili kufunga, mali ikagawiwa kama katiba yao inavyosema, na hakuna aliyegombana na jirani yake.

Hawa walichagua kuendelea, na jibu lilitoka kwa mzee yule yule. Akasema, "Ndiva yetu imejaa tope, na hakuna chombo kilichopewa."

Kwa wasiozijua, ndiva ni mabwawa madogo ya asili ya Upare. Maji ya mfereji yanakusanywa humo usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Nyingi zilichimbwa na koo, na kusafisha mfereji ilikuwa kazi ya msaragambo: siku inatangazwa, kila kaya inatoa mtu na jembe. Msaragambo unadai siku chache kwa mwaka kutoka kwa watu wengi, wakati mradi wa kawaida unadai siku nyingi kutoka kwa mtu mmoja. Kwa chama chenye sahani zile tulizoziona, tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Wakakubaliana kubaki na ndiva na kitalu tu. Duka la pembejeo, lililokuwa likila punje nyingi za Mama katibu, litafungwa.

Wanakijiji walioko Dar es Salaam hawakulipenda hilo. Kwenye kundi la WhatsApp walitaka chama kisajiliwe kuwa shirika lisilo la kiserikali ili kipate wafadhili. Nawaheshimu sana, michango yao ya Desemba ndiyo iliyoezeka lile darasa tulilokalia. Ila usajili huo una wajibu wake: cheti cha miaka 10, taarifa za kila mwaka, hesabu zilizokaguliwa. Nikauliza punje za kazi hiyo zitatoka sahani ya nani. Tukafikia kwamba walioko mjini wachukue kazi zinazofanyika kwa simu na kompyuta, kuandika barua na taarifa, na uamuzi wa miradi ubaki kwa wanaoibeba. Kuhusu mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, hauwahusu kama chama, kwa kuwa unatolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vijana wa kitalu wakiunda kikundi chao, hao wanaweza kuomba.

Likabaki la mwisho, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Akaunti ya benki ilikuwa na watia saini watatu: mmoja ameshafariki, wa pili amehamia Dodoma. Nambari ya siri ya laini ya simu ya chama anaijua Mama katibu peke yake. Orodha ya wanachama iko kwenye daftari lake la jalada gumu, lakini nani ana deni, nani amesamehewa kwa sababu alifiwa, na mwenye shamba gani aliruhusu mfereji upite kwa mdomo tu, yote hayo yako kichwani mwake. Nilimwomba anisomee ukurasa mmoja. Kila jina alilolitaja lilikuja na habari ambayo haikuandikwa popote.

Kwa hiyo mstari wa kwanza wa mpango wao, juu ya ndiva na juu ya miche, unasema hivi: kila Jumamosi jioni, Mama katibu na binti mmoja wa kidato cha nne aliyemaliza mwaka ule wakae pamoja, mmoja asome, mwingine aandike. Niliporudi baada ya miezi miwili walikuwa wamefika ukurasa wa 14. Binti alikuwa ameongeza safu ya tano kwa rula, na juu yake ameandika: "Maelezo ya Mama."