Vinasaba vya makaburi ya pwani na Waswahili wa leo

Swali tunaloulizwa sana na wageni wa makumbusho ni hili: Waswahili ni Waafrika au ni Washirazi, yaani watu wenye asili ya Shirazi huko Uajemi? Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliotoa jibu la kina kuliko yote tuliyokuwa nayo. Watafiti, akiwemo mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba na mtaalamu wa vinasaba David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard, walisoma DNA (vinasaba) ya watu 80 waliozikwa Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara na Lindi, pamoja na Makwasinyi iliyoko bara. Wale wa pwani waliishi kati ya miaka ya 1250 na 1800.

Joto na unyevu wa pwani huharibu DNA haraka. Kinachosalia ni vipande vifupi vilivyochanganyika na vya bakteria wa udongoni, ndiyo maana wataalamu hupendelea jino au mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani.

Utamu wa kazi hii uko kwenye kulinganisha ukoo wa kikeni na wa kiumeni. DNA ya mitokondria, yaani sehemu ndogo za seli zinazozalisha nishati, mtu huirithi kwa mama peke yake. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Katika miji ile, mitokondria karibu zote ni za Kiafrika, ilhali kromosomu Y nyingi asili yake ni Asia ya Magharibi. Wengi wa wale watu, zaidi ya nusu ya DNA yao ni ya Kiafrika, iliyotoka hasa kwa mababu zao wa kike. Upande wa Asia, asilimia 80 hadi 90 ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi, na India nayo ina sehemu yake.

Walianza kuchanganyika lini? Kila kizazi kinapopita, vipande vya DNA ya wazee wawili hukatwa na kupangwa upya, vikazidi kuwa vifupi. Urefu wa vipande hivyo ndio unaoonyesha kuwa mchanganyiko ulianza karibu mwaka 1000. Nalisisitiza hili, kwa sababu Shanga, kisiwani Pate, watu walikuwa wakiishi tangu karne ya 8. Mji ulikuwepo, na waliokuja waliwakuta wenyeji.

Masimulizi ya Kilwa juu ya wana wa mfalme wa Shirazi, ambayo wanahistoria wengi walikuwa wameyaweka kando, sasa yanastahili kusomwa tena kwa heshima. Baada ya mwaka 1500 hivi, asili ya Uarabuni ndiyo iliyozidi kuongezeka.

Hata hivyo, tuulize makaburi hayo ni ya nani. Mengi ni ya mawe, karibu na misikiti, na waliozikwa humo walikuwa watu wenye uwezo. Mvuvi na mkulima wa nyumba ya udongo hawajasikika vya kutosha, na kuwahesabu Waswahili wote kwa mifupa ya matajiri ni kosa.

Wala usichukue asilimia hizo ukamvika jirani yako wa Lamu au Bagamoyo. Tangu wale walipozikwa, ndoa na watu wa bara na wa ng'ambo zimeendelea, na DNA ya Waswahili wa leo imetofautiana na ya wale wa kale. Ukipima DNA yako kwenye kampuni za kupima asili, fahamu kwamba jibu linategemea umelinganishwa na nani, na kwenye hifadhi nyingi za data Waafrika bado ni wachache mno.